Wodi ya Magoti

Nyumba ya Tulizo,
Rasbura, Lindi.
Jumatatu, 3 Machi 2003. Manyunyu tangu alfajiri, jua limetoka saa mbili na robo, upepo hakuna.

Kaka Sixbert,

Shikamoo. Najua unangoja neno moja tu kutoka kwangu, kwa hiyo nalitanguliza: fomu sijasaini.

Imefika Alhamisi kwa mkono wa konda, haina hata kunjo. "Maoni ya Ndugu wa Mgonjwa." Maswali kumi na mawili, na chini mahali pa kusaini. Pembeni umeandika kwa penseli, "Bena, weka Nzuri Sana kote, wafadhili wanakuja tarehe 10 Aprili." Kaka, miaka tisa nilikuwa karani wa mizani wa chama cha msingi pale Kitomanga, mpaka wanunuzi binafsi wa korosho walipoingia na mizani yetu ikawa ya kulalia kuku. Katika miaka tisa hiyo sikuandika uzito wa gunia ambalo sijalitundika. Siwezi kuanza leo, na aliye juu ya mizani ni Mama.

Usidhani nimekuja kutafuta makosa. Tangu tulipofika tarehe 17 Februari naandika kila siku kwenye shajara yangu, na mazuri nimeyaandika kwanza. Shuka zinabadilishwa kila siku ya pili. Sakafu inapigwa deki asubuhi na jioni. Uji unakuja wa moto. Muuguzi wa zamu ya mchana, Nikodemu, mtu wa miaka kama thelathini, anawaamkia wagonjwa shikamoo mmoja mmoja, na akimgeuza Mama kitandani utadhani amebeba trei ya mayai. Wanawake wote tisa wa wodi hii wanamwita mwanangu. Hayo nimeyapa Nzuri Sana, na sikupendelea.

Lililonikwamisha ni swali la saba. "Je, maumivu ya mgonjwa wako yanatulizwa ipasavyo?" Kaka, hiyo ndiyo kazi yenyewe ya nyumba hii. Hawakuahidi kumponya Mama, maana daktari wa Dar alikwishatuambia kuwa hatapona. Waliahidi asiumie. Ndiyo sababu nilikubali tumtoe nyumbani.

Na Mama anaumia. Hasemi, lakini tangu Novemba nimelala naye chumba kimoja, namjua. Maumivu yakimpanda anaacha kuongea katikati ya neno, anauma upindo wa kanga, kisha anamalizia neno lake kana kwamba hakuna kilichopita. Jana ameacha neno katikati mara kumi na nne, tangu saa moja asubuhi hadi saa kumi jioni, ambapo ndugu wote tunatolewa nje. Dawa aliyopewa ni panadoli mbili. Na kabatini wanayo mofini ya maji, iliyoletwa kwa ajili ya watu kama yeye. Chupa nimeziona kwa macho yangu.

Kwa nini hapewi, bado sijui. Nikijua nitakuandikia.

Mama anakusalimu. Anasema ni tumbo tu linamsumbua kidogo, usifunge duka kwa ajili yake.

Mdogo wako,
Benadetha


Kilwa Kivinje,
9 Machi 2003

Mdogo wangu Bena,

Marahaba. Barua yako nimeisoma nikiwa dukani, mteja wa misumari akanisubiri mpaka akachoka, akaenda kwa jirani.

Hujabadilika hata chembe. Unamkumbuka mzee Laurenti alivyokukimbiza na bakora kwa sababu uligoma kuandika gunia lake? Mchanga ulikuwemo, nakubali. Lakini kulikuwa na haja gani ya kuumwaga mbele ya watu, chembe kwa chembe, ukaupima peke yake?

Sasa nisikilize. Mimi ni mjumbe wa kamati ya nyumba hiyo. Nimezunguka na wenzangu miaka miwili, kila ofisi tunapiga hodi, mpaka ikasimama. Kabla yake wagonjwa wa namna hii walikuwa wanafia wapi? Vyumbani kwao, mtaa mzima unasikia. Leo wana vitanda, wana vyandarua, wana muuguzi anayewaamkia shikamoo. Wafadhili wakikuta fomu moja mbaya, tena imeandikwa na dada wa mjumbe, watasema hawa hata wenyewe kwa wenyewe hawaaminiani. Wataondoka na mofini yao. Hapo utakuwa umemsaidia nani?

Na hizo mara kumi na nne zako. Mama ana miaka sitini na nane, anapumzika akiongea, kuna ajabu gani? Ripoti ya Februari ninayo hapa mezani: wodi ya wanawake, wagonjwa tisa, wenye maumivu makali hakuna. Imeandikwa na watu waliosomea kazi hiyo. Wewe umesomea mizani.

Mpe Mama pole ya tumbo. Ningekuja, ila mto Mbwemkuru umejaa na mabasi yanalala njiani. Nikipata nafasi nitafika.

Saini fomu, Bena.

Kaka yako,
Sixbert


Rasbura,
Ijumaa, 14 Machi 2003. Mvua kubwa tangu saa kumi na moja alfajiri hadi saa tatu, halafu joto.

Kaka,

Shikamoo. Ni kweli nimesomea mizani. Aliyesomea mizani akiona magunia tisa yametoa uzito ule ule, hayatazami magunia tena. Anatazama mizani.

Jumatatu nilimwomba Nikodemu anionyeshe daftari la maumivu. Alinipa bila kusita, kwa sababu hana la kuficha. Kila asubuhi anapita kitanda kwa kitanda. Anauliza, "Mama, unaumwa wapi?" Kisha anamwomba anyooshe vidole: kidole kimoja ni maumivu madogo, vitano ni maumivu yasiyovumilika. Mgonjwa akinyoosha vinne au vitano anaitwa Bi Tekla, muuguzi mkuu, na kabati linafunguliwa. Utaratibu mzuri kabisa. Nikasoma kurasa za wiki nne. Bi Sauda, kitanda cha kwanza: goti, kidole kimoja. Cha pili: goti, kimoja. Cha tatu: goti. Mama yetu, kitanda cha tano: goti, kimoja. Wanawake saba kati ya tisa wanaumwa goti, kaka. Wawili waliobaki wanaumwa kisigino.

Nikamuuliza Nikodemu, "Wewe haikukushangaza?"

Akasema, "Dada, nilidhani ni baridi ya sakafu. Nimeshaomba mikeka."

Nilicheka, kisha nikaenda kukaa ngazini. Hakuna mwanamke hapa mwenye ugonjwa wa goti. Kila mmoja ana barua ya daktari, na barua inataja mahali pengine. Lakini nani atamtajia mahali hapo mwanamume anayemwita mama? Angekuwa hana adabu ingekuwa rahisi, wangemfokea. Na sisi tukifundwa tunaambiwa nini? Wewe hukuwepo ndani, ila umekulia nyumba moja na sisi, unajua. Mwanamke halii mbele ya aliye mdogo kwake. Unazaa hulii, unachanika hulii. Bi Sauda alisema goti siku ya kwanza, na pazia la humu ni jepesi. Wenzake wakasikia, wakaona ni jibu zuri.

Kwa hiyo nimemleta Bi Mwahija. Ndiye mwenye nyumba ninayopanga, ya tatu kutoka hapa. Ni kungwi, amewafunda mabinti wa Rasbura miaka arobaini, na nusu ya wagonjwa hawa anawajua kwa majina ya utoto. Aliingia juzi saa nne asubuhi, akakaa sakafuni, akamwambia Nikodemu, "Mwanangu, katuletee maji ya kunywa. Na usiwe na haraka." Nikodemu alipotoka, Bi Mwahija akaigeukia wodi nzima.

"Enyi wenye magoti! Habari zenu nimezisikia mpaka sokoni. Mbona simwoni anayechechemea?"

"Tutachechemea vipi na tumelala?" akajibu Bi Sauda.

"Basi simama nikuone."

"Njoo uninyanyue, wewe mwenye mazima."

Walicheka wote, na Mama pia, akaacha katikati ya kicheko, akauma kanga. Bi Mwahija aliona. Akasogea, akapenyeza mkono chini ya kanga ya Mama, kiganja wazi, akasema polepole, "Sikuulizi neno. Weka vidole vyako humu, vingapi vinavyokutosha. Hakuna anayeona, hata mimi sioni." Alipita vitanda vyote namna hiyo, mkono chini ya kanga, kila mtu na siri yake. Tulipotoka nje akaniambia. Mama, vitano. Bi Sauda, vitano. Sita wengine, vitano au vinne. Mmoja tu ndiye alikuwa na viwili.

Tumerudia jana, tumerudia leo. Daftari la Nikodemu na kiganja cha Bi Mwahija nimevipanga safu mbili katika ukurasa mmoja, siandiki majina, naandika vitanda. Ukurasa huo ndio tathmini yangu na nitaubana pamoja na fomu yako.

Mama haumwi goti. Wala haumwi tumbo. Wapi anaumwa, si mimi wa kukuambia, amenikataza. Swali la saba nimejibu: Hapana.

Benadetha


NYUMBA YA TULIZO
Rasbura, Lindi
18 Machi 2003

Kwa Bi Benadetha,
Ndugu wa mgonjwa, kitanda namba 5

YAH: KUANDIKA HABARI ZA WAGONJWA BILA IDHINI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Imebainika kwamba umekuwa ukiandika habari za wagonjwa wasio wa kwako. Aidha, umemwingiza wodini mtu asiye mtumishi, ambaye amekuwa akikadiria maumivu kwa njia isiyotambulika kitaaluma. Mofini ni dawa inayolindwa na sheria na haiwezi kutolewa kwa neno la kungwi. Mgonjwa mwenye maumivu anatakiwa kuyaeleza yeye mwenyewe kwa muuguzi wa zamu.

Kuanzia leo utaacha daftari lako mapokezi kila uingiapo. Bi Mwahija ataingia katika saa za kuangalia wagonjwa tu, kama mgeni mwingine yeyote. Nakala ya barua hii amepelekewa Bw. Sixbert, mjumbe wa kamati.

Tekla
Muuguzi Mkuu


Rasbura,
19 Machi 2003. Jua tangu asubuhi.

Kwa Muuguzi Mkuu,

YAH: DAFTARI LANGU

Husika na barua yako ya jana.

Daftari nitaliacha mapokezi kama ulivyoagiza. Kichwa changu nitaingia nacho. Nimesoma mpaka kidato cha nne, vitanda tisa naweza kuvikumbuka hadi nifike barazani kwa Bi Mwahija, na huko nitaandika.

Umesema mgonjwa ayaeleze mwenyewe. Nina swali moja, na sitaki jibu la maandishi. Ungekuwa wewe ndiye umelala kitanda namba tano, na Nikodemu amesimama mbele yako na kalamu, ungesema unaumwa wapi?

Benadetha


Kilwa Kivinje,
22 Machi 2003

Bena,

Nakala ya Bi Tekla nimeipata. Mwenyekiti amenipigia simu mara mbili, mbele ya wateja. "Mjumbe, dada yako anatubomolea nyumba."

Sasa sikuombi, nakuagiza. Rudi Kitomanga, shamba limejaa majani. Nitatafuta mtu wa kukaa na Mama. Baba hayupo, mkubwa ni mimi, na neno langu ndilo la mwisho.

Na hayo mambo ya vidole mwache nayo Mama. Yapo mambo ambayo mtu akiyanyamazia ndiyo anamheshimu mzazi wake.

Sixbert


Rasbura,
Jumanne, 25 Machi 2003. Mawingu, hakuna mvua.

Kaka, barua hii si yangu. Mama amesema, mimi nimeandika. Mahali pawili nilitaka kulainisha, akanikatalia. B.

Mwanangu Sixbert,

Ni mimi mama yako. Bena amenisomea barua yako yote. Usimgombeze, nilimlazimisha.

Umemwambia arudi shamba. Nani amekutuma? Aliyekufa ni baba yenu, mimi bado. Neno la mwisho litakuwa lako nikishazikwa, vumilia kidogo.

Nakuambia jambo, kaa chini kwanza. Sina goti linaloniuma. Magoti yangu ni mazima, yangenifikisha Newala na kunirudisha. Tumbo pia silo. Ninaumwa pale ulipopita kuja duniani. Saratani imekaa hapo. Nilisema usiambiwe kwa sababu mtoto wa kiume haambiwi mambo hayo. Leo nakuambia mwenyewe, maana nimeona haya yangu inawatesa watu tisa.

Sasa tuko wanane. Mwenzetu wa kitanda cha tatu amekufa Jumapili. Alitafuna upindo wa kanga mpaka ukawa nyuzi, na asubuhi yake daftari limeandikwa goti, kidole kimoja. Mtu hafi kwa goti, Sixbert.

Nilipokuzaa nilikaa na uchungu siku mbili na sikulia. Makungwi walinisifu, na nilijivuna, usifikiri sikujivuna. Lakini uchungu ule ulikuwa na mtoto mwisho wake. Huu hauna kitu mwisho wake. Sasa nimnyamazie nani?

Nimejaribu kumwambia Nikodemu. Jana nilijipanga tangu alfajiri. Alipokuja, ulimi ukasema goti. Bena alikuwepo. Siwezi, na ndivyo nilivyoumbwa na kufundwa, na sitaweza kufundwa upya mwaka huu. Ila mkono wa Mwahija naweza kuuambia. Nataka aingie kila siku, na dawa itolewe kwa kiganja chake. Wewe ni mjumbe, kawaambie. Ukiona haya, wasomee barua hii ilivyo, usiruke.

Mama yako,
Magdalena (dole gumba lake)


Kilwa Kivinje,
31 Machi 2003

Mdogo wangu,

Juzi Jumamosi nilikuwa Lindi na hukujua. Kamati ilikaa saa nne asubuhi, kwenye ofisi inayopakana na wodi yenu.

Nimeisoma. Wanaume saba pamoja nami, na Bi Tekla. Nilipofika pale Mama anapotaja nilipopita kuja duniani, niliisogeza karatasi karibu na macho. Mwenyekiti akasema, "Mjumbe, hayo si maneno ya kikao." Nikasema nitamaliza. Nikamaliza. Niliomba ripoti za Februari na Machi zifutwe na ukurasa wako wa safu mbili ukae mahali pake. Wakapiga kura. Sita walikataa, tuliokubali ni mimi na Bi Tekla. Ripoti itakwenda kwa wafadhili kama ilivyo. Walinitaka niombe radhi kwa kuleta matusi kikaoni. Nikawaachia kiti chao. Mimi si mjumbe tena.

Bi Tekla alinifuata nje, ameshika barua yako yenye swali. Akasema, "Mwambie dada yako jibu ninalo. Ningesema goti." Nikamuuliza tutafanyaje, kura imeshapigwa. Akasema, "Kamati inatawala ripoti. Kabati nalitawala mimi."

Sasa langu. Bena, nilikuwa najua. Tangu Desemba. Barua ya daktari ilipita mikononi mwangu nilipokwenda kumwombea Mama kitanda. Bahasha haikugundishwa, nikasoma. Nikajifanya najua tumbo tu, kama mlivyotaka nijue. Tarehe 28 Februari ripoti ilipoletwa kupitishwa, nikaona kitanda namba tano, goti. Nilijua ni uongo na nilijua ni uongo wa nani. Nikanyoosha mkono, ikapita. Nilijiambia ninamsitiri mama yangu. Hesabu mwenyewe siku alizouma kanga tangu hapo. Mimi nimehesabu.

Si Mbwemkuru ulionizuia kuja. Juzi nilifika mpaka mlango wa wodi, nikamsikia anacheka na huyo kungwi wenu, nikarudi kituoni. Nitamtazamaje?

Sixbert


Rasbura,
Alhamisi, 10 Aprili 2003. Mvua ilikatika usiku. Asubuhi safi, upepo kidogo kutoka baharini.

Kaka,

Shikamoo.

Bi Tekla alifanya kama alivyosema. Tangu Jumatatu ya tarehe 31 Bi Mwahija anaingia mara tatu kwa siku, amepewa na kigoda. Jumatano ya tarehe 2 daktari alikuja. Bi Tekla akamweleza mbele yangu, bila kuzunguka, kwamba daftari zima ni la kuona haya, hakuna goti hata moja. Daktari akapima upya vitanda vyote, akaandika mofini kila baada ya saa nne, kwa saa ya ukutani, bila kungoja mtu aombe. Siku mbili Mama alilala tu, nikaogopa. Siku ya tatu aliamka akauliza nani amenyima uji sukari. Jana hakuacha neno katikati hata mara moja. Aliongea mpaka Bi Sauda akamwomba apumzike, ili wengine nao wapate nafasi ya kusema.

Leo wafadhili wamekuja. Mwenyekiti alitangulia saa moja asubuhi, akaamuru kigoda kitolewe na Bi Mwahija abaki kwake, tusionekane tunatibu kwa makungwi. Bi Tekla akasema, "Kigoda nitatoa. Dawa sitoi."

Mgeni mkubwa alikuwa mama wa makamo mwenye mvi na miwani, pamoja na mkalimani. Mwenyekiti anatembea mbele anasoma: wenye maumivu makali, hakuna. Mgeni akasimama kitanda cha kwanza, akataka Bi Sauda aulizwe anaumwa kiasi gani.

Bi Sauda aliingiza mkono chini ya kanga yake, akatulia. Wa pili naye. Wa nne. Vitanda vyote vinane, kaka, mikono chini ya kanga, macho darini, hakuna anayepumua kwa sauti. Hawakuwa wamepanga, au walipanga nikiwa nimetoka. Mwenyekiti akacheka kidogo, "Wazee hawa wamechoka. Nikodemu, hebu waulize wewe."

Nikodemu akasema, "Mzee, mimi wataniambia goti."

Hapo Mama ndipo alipoita. "Huyo mama aje hapa. Akae."

Hapakuwa na kigoda. Mgeni alitazama huku na huku, kisha akakaa sakafuni na sketi yake. Mama akamwinulia upindo wa kanga. Yule mama alisita, halafu akaingiza mkono.

"Mwambie," Mama alimwambia mkalimani, "hii ni ya leo." Sikuona, lakini najua kilikuwa kidole kimoja. "Na hii ni ya Februari."

Mgeni alishtuka, miwani ikamteleza puani. Mama alimbana kwa vidole vyote vitano na hakumwachia. Akaanza kuhesabu kwa sauti. Siku ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Mwenyekiti akasema, "Mama, inatosha." Mama hakumtazama. Alipofika ishirini sauti ilikuwa imekwisha, Bi Sauda akapokea, na wengine wakafuata, mpaka arobaini na nne: tangu siku tuliyoingia hadi siku dawa ilipoanza. Mkalimani alikuwa ameshaacha kutafsiri. Hakuna kilichohitaji kutafsiriwa.

Alipoachiwa, mgeni hakuurudisha mkono mfukoni. Aliuweka magotini na kuutazama. Kisha akauliza vidole hivi kwa kawaida wanampa nani. Bi Tekla akamjibu. Mwenyekiti ndiye aliyetumwa kumwita Bi Mwahija, nyumba ya tatu, akiwa na koti lake.

Fomu nimemkabidhi mgeni mwenyewe, na ukurasa wa safu mbili. Swali la saba: Hapana, kwa siku arobaini na nne. Ndiyo, kwa siku nane. Nimesaini jina langu lote. Watafanya nini, sijui. Wanaweza kuondoka na mofini yao kama ulivyosema. Bi Tekla anasema wakiondoka ataifuata Dar mwenyewe, kwa basi, na barua nane za madaktari mkobani.

Mama ana neno lako, naandika kama alivyolitoa: "Mwambie haya yangu nimeimaliza, asiniletee yake. Aje anione nikiwa bado naongea."

Ijumaa, 11 Aprili, saa moja asubuhi. Nimeifungua tena barua kabla ya kumpa konda. Jana wageni walipotoka, Bi Tekla alitandika mkeka kando ya kitanda namba tano, akaniambia nijinyooshe. Nikamkumbusha kuwa saa kumi ndugu wanatolewa. Akasema, "Nani atakutoa?" Mama alikuwa amelala, kinywa wazi, anakoroma. Nilishikwa na usingizi saa nane na dakika arobaini mchana, nikaamka leo alfajiri.

Benadetha